Sufuria Iliyozaa: Kwa Nini Watu Wenye Akili Zao Huamini Upuuzi Unaolipa

Kisa chenyewe karibu kila aliyelelewa kwa Kiswahili amekisikia, kwa hiyo nakipitia mbio mbio. Abunuwasi alikwenda kwa jirani yake kuazima sufuria. Kesho yake akairudisha, na ndani yake mna kisufuria kidogo. Jirani akauliza, na hiki je? Abunuwasi akamjibu uso mkavu: "Sufuria yako ilikuwa na mimba, bwana. Jana usiku imejifungua." Jirani akamtazama, akakitazama kisufuria, akasema "Alhamdulillahi," akaviingiza vyote viwili ndani. Siku chache baadaye Abunuwasi akaja tena, safari hii anataka ile kubwa ya shaba, ya kupikia pilau ya shughuli. Akapewa bila hata kuulizwa ya nini. Zikapita siku, ikapita wiki, sufuria haionekani. Mwenyewe alipoifuata akamkuta Abunuwasi kajiinamia. "Pole, jirani. Sufuria yako imefariki." Yule bwana akapanda juu: tangu lini sufuria ikafa? Wakafikishana kwa kadhi, na kadhi akauliza swali moja tu: ilipozaa, ulikataa mtoto?

Hapo baraza zima hucheka, na kisa kimekwisha.

Waturuki wanakisimulia hicho hicho kwa jina la Nasreddin Hodja, Wamisri wanampa Goha. Abunuwasi wa kweli, al-Hasan ibn Hani, alikuwa mshairi wa Baghdad katika zama za Harun al-Rashid, na kilichompa jina ni mashairi yake ya mvinyo; habari za sufuria alibandikwa na wasimulizi baadaye. Kisa kinachosafiri hivyo, kutoka lugha hadi lugha, kwa karne nyingi, huwa kimegusa mahali ambapo watu wote wanajikuna.

Tunapokifafanua kwa watoto tunasema ni kisa cha tamaa. Tamaa mbele, mauti nyuma, kalale. Mimi naona maelezo hayo mepesi mno. Mtu ambaye hana tamaa kabisa simjui, na wengi wenye tamaa hawatapeliwi. Rudi kwenye ule mlango, jirani akiwa ameshika kisufuria mkononi. Aliamini kwamba shaba inashika mimba? Hata kidogo. Ni mtu mzima, amepikia sufuria hizo miaka yote. Alichokosa ni sababu ya kubisha. Ukweli ungemgharimu kisufuria, na uongo ulikuwa unamwongezea kimoja. Hakudanganywa, ila alilipwa anyamaze. Tangu hapo, kila swali ambalo angeuliza baadaye lingeanza kwa kumshtaki yeye mwenyewe.

Kitendo hicho kidogo ndicho kinachoeleza mambo mengi ambayo magazeti yetu huyaita "wananchi walizwa".

Chukua DECI, mpango wa fedha uliowaahidi watu kupata zaidi ya walichoweka. Ilianza Tanzania mwaka 2007, makao makuu yake Mabibo, Dar es Salaam, na ilikuwa na matawi mikoani. Waendeshaji wake walikuwa watu wa kanisani, na lugha yao ilikuwa ya kanisani vile vile: mtu hakuweka fedha, "alipanda mbegu", hakupokea faida, "alivuna". Wagalatia 6:7 panasema apandacho mtu ndicho atakachovuna, na ukiusoma mstari huo pamoja na jirani zake utaona ni onyo, wala hauahidi faida. Lakini nani anasoma onyo siku ya mavuno? Watu walipanga foleni tangu alfajiri, walivuna kweli, wakapanda tena walichovuna. Mwaka 2009 Serikali ilipoingilia kati na kufunga akaunti, wapo wanachama waliokasirikia Serikali kuliko walivyowakasirikia walioshika fedha zao. Walisema wivu. Walisema wakubwa hawataki mnyonge ainuke. Mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani viongozi wake wanne kwa kuendesha upatu.

Hasira hiyo dhidi ya Serikali inachekesha ukiitazama kwa mbali, lakini ina mantiki yake. Fikiri kama siku ile ya kisufuria angepita mtu barabarani akasema, "Bwana we, sufuria haizai." Jirani angemshukuru? Angemwona mnoko. Mpaka dakika hiyo hakuna aliyepoteza chochote; anayeharibu starehe ni huyo mpita njia. Katika mchezo wa namna hii hasara huanza kuonekana siku ukweli unaposemwa, kwa hiyo anayeusema ndiye anayeonekana ameileta.

Sasa hesabu, maana bila hesabu mjadala huu hubaki wa kulaumiana. Tuseme watu 10 wametoa shilingi 100,000 kila mmoja, wameahidiwa 200,000 baada ya mwezi. Hakuna shamba, hakuna duka, hakuna kiwanda. Mwezi ukiisha zinahitajika milioni 2, na njia pekee ya kuzipata ni watu wapya 20, ambao tuwaite mzunguko wa kwanza. Hao 20 nao mwezi unaofuata wanadai milioni 4, ambazo ni watu 40. Endelea kuzidisha mara mbili. Mzunguko wa kumi unataka watu wapya 10,240, na bado unaonekana mradi wa kawaida wenye mafanikio. Kufika mzunguko wa 21 wamekwishaingia karibu milioni 42. Mzunguko wa 22 unataka wengine milioni 42 wapya. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, pamoja na waliobebwa mgongoni siku ile. Wanabaki pungufu ya milioni 20, na wengi wao hawana simu wala meno.

Kwa hiyo hata kama waendeshaji ni malaika, hawaibi senti, hawanunui magari, mchezo ungevunjika kabla ya miaka miwili kutimia.

Ndani ya hesabu hiyo kuna jambo ambalo watu hulipita bila kuliona. Kila mzunguko mpya una watu wengi kuliko waliotangulia wote ukiwajumlisha. 20 ni zaidi ya 10; 40 ni zaidi ya 10 na 20; 80 ni zaidi ya wote hao. Maana yake ni kwamba mchezo ukikatika mapema au ukichelewa, ukikatika kwa polisi au kwa kuishiwa watu, zaidi ya nusu ya wote walioingia watakuwa wale ambao hawajapokea kitu. Mtu anayesema "mimi naingia mapema natoka mapema" anajihesabu katika nusu ndogo bila kuwa na daftari la kumwonyesha yuko mzunguko wa ngapi. Daftari analo mwenye mchezo peke yake, na halionyeshi.

Akina mama wa mtaani watasema, mbona na sisi tunacheza upatu na hatujalizana? Kweli, na tofauti iko wazi. Kumi mnatoa 50,000 kila mwezi, kila mwezi mmoja anapokea 500,000, miezi kumi ikiisha kila mtu ametoa laki tano na amepokea laki tano. Hakuna aliyezidishiwa. Mnachonunua ni nidhamu na zamu: wa kwanza amekopeshwa bila riba, wa mwisho amewekeza bila riba, na Mama Fulani ambaye angekula fedha zake kwa vitenge amebanwa na macho ya wenzake. Sufuria katika mchezo wenu inazunguka tu nyumba hadi nyumba, haijawahi kuzaa. Ndiyo maana mchezo wa aina hiyo unaweza kudumu miaka na miaka, isipokuwa mmoja akipokea zamu yake ya kwanza na kuhamia Mwanza.

Mtu husema, haya ni mambo ya wasiosoma. Mwaka 1720 jijini London watu waligombea hisa za South Sea Company, kampuni iliyoahidi utajiri wa biashara ya Amerika Kusini kuliko uwezo wake wa kuuleta. Mmoja wa wanunuzi alikuwa Isaac Newton, yule yule aliyeweka wazi sheria za mwendo na nguvu ya uvutano. Newton aliingia mapema, akauza kwa faida nzuri, akatoka. Kama angekaa nyumbani asome vitabu vyake, hadithi ingekuwa ya hekima. Lakini hisa ziliendelea kupanda, akawaona wenzake wanatajirika, akarudi na fedha nyingi zaidi bei ikiwa juu kabisa. Kisha zikaporomoka naye ndani. Aliyeweza kukokotoa njia ya mwezi angani hakuvumilia kumwona jirani akinawiri.

Huo, nadhani, ndio mvuto mkubwa kuliko tamaa yenyewe. Mtu anaweza kuishi na umaskini wake miaka mingi bila kulia. Kinachomnyima usingizi ni shemeji yake, ambaye jana walikuwa sawa, kuezeka bati la rangi. Msemaji wa mchezo hana haja ya kukuonyesha utajiri wa mbali. Anakuonyesha mtu wa ofisini kwenu.

Na yule mtu wa ofisini hasemi uongo. Hapa ndipo pana ncha ya jambo lote. Ushuhuda wa kwanza katika michezo hii ni wa kweli tupu: alitoa, akasubiri, akapokea. Mtu wa kawaida anajua kujikinga na uongo, lakini nani alimfundisha kujikinga na ukweli unaotumiwa vibaya? Jirani wa Abunuwasi hakuletewa ahadi, aliletewa kisufuria halisi, akakigonga kwa kidole kikalia. Mwaka 1920 huko Boston, Marekani, Charles Ponzi aliahidi faida ya asilimia 50 katika siku 45. Alidai ananunua kuponi za posta nchi moja zikiwa rahisi na kuzibadilisha nchi nyingine zikiwa ghali. Clarence Barron, mwandishi wa habari za fedha, akapiga hesabu: ili fedha alizopokea ziwe kweli ziko kwenye kuponi, zingehitajika kuponi milioni 160, na zilizokuwa zinazunguka hazikuzidi kama 27,000. Habari ikatoka gazetini, watu wakamiminika ofisini kwake kudai chao. Ponzi akawalipa waliodai, na walioko foleni akawapa kahawa na maandazi. Wengi walipoona wenzao wanalipwa wakarudi nyumbani na risiti zao mfukoni, wametulia. Kuponi milioni 160 ni hoja. Andazi lina joto mkononi. Ofisi yake haikumaliza mwezi mwingine.

Bernard Madoff naye, aliyeanguka New York mwaka 2008 na kufungwa miaka 150 mwaka uliofuata, alikuwa fundi wa aina nyingine. Yeye hakuzidisha fedha mara mbili. Alitoa kama asilimia kumi hivi kwa mwaka, kwa utulivu, soko likipanda au likishuka, na watu wengine aliwakataa kabisa, wakaomba waunganishwe. Wateja wake walikuwa benki, mifuko ya hisani, matajiri wenye wanasheria. Harry Markopolos, mtaalamu wa hesabu za masoko, alianza kuionya mamlaka ya masoko ya Marekani tangu mwaka 2000 kwamba faida isiyotikisika hivyo haiwezekani. Miaka minane hakupata masikio. Hata mtumbuaji wa majipu anahitaji mtu anayekubali kwamba anaumwa.

Madoff anafaa kukumbukwa na wale wanaojisifu, "mimi wakiniambia fedha inazidi mara mbili nakimbia". Vizuri, unakimbia sufuria inayozaa mapacha. Na inayozaa mtoto mmoja mdogo kila mwaka, kwa adabu, na mwenyewe anakwambia hana nafasi ya mteja mpya?

Nchini Kenya kuna mfano ninaoupenda kuliko hiyo yote, kwa sababu hauna hata tapeli mkuu wa kumnyooshea kidole. Kati ya mwaka 2006 na 2007 michezo ya piramidi ilikuwa imekwishawamaliza Wakenya kwa maelfu. Kikosi kazi cha Serikali kilipopiga hesabu, hasara ilizidi shilingi bilioni 8 za Kenya. Ungetarajia baada ya hapo watu wawe wamechanjwa. Mwaka 2013 akaingia kware.

Kware ni ndege mdogo, watu wa magharibi ya Kenya wanamtega miaka mingi kwa kumtundika mwenzake kwenye tundu aite. Ghafla ikaenea habari kwamba mayai yake yanatibu kisukari, presha, pumu, na yale maradhi ambayo wanaume huyauliza kwa sauti ya chini. Yai la kware lina uzito wa gramu kumi hivi, matano ndiyo yanafika yai moja la kuku, lakini yakauzwa ghali mara nyingi kuliko la kuku. Watu wakachukua mikopo. Kwa kuwa kware anahesabika mnyamapori, mfugaji alitakiwa leseni ya shirika la wanyamapori, KWS, na maombi yakamiminika. Walimu, makarani, wastaafu, wote wakawa na mashine ya kutotolea mayai stoo.

Cha ajabu ni kwamba safari hii sufuria ilizaa kweli. Mayai ya kware yanaanguliwa kwa siku 17 au 18. Kifaranga anaanza kutaga akiwa na wiki sita au saba, na jike mzuri anataga mayai zaidi ya 200 kwa mwaka. Fedha za DECI hazikuzaa, ilibidi waendeshaji wajifanye zinazaa. Kware alitimiza ahadi yake kwa bidii zote, na hiyo ndiyo iliyowaua wafugaji.

Ukiuliza nani alikuwa anayanunua mayai kwa bei ile, jibu linakuja taratibu na linauma. Baadhi walikuwa wagonjwa wenye matumaini. Wengine wengi walikuwa wafugaji wapya wanaotafuta mayai ya kutotolesha na ndege wa mbegu. Soko la kware lilikuwa watu wanaoingia kwenye kware. Ilimradi kila wiki aliingia mfugaji mpya, aliyetangulia alipata mteja, akatoa ushuhuda, na ushuhuda ukaleta mfugaji mwingine. Ni ile hesabu ya 10, 20, 40, isipokuwa hapa imevaa manyoya. Mwaka 2014 kila aliyetaka kufuga alikuwa anafuga, na waliobaki walikuwa walaji, ambao walipotazama vizuri waligundua kwamba hawapendi sana kula kitu kilichojaa mifupa. Bei ikaporomoka. Watu waliokuwa wanawafungia kware kwa kufuli usiku wakawafungulia, waende walikotoka.

Nani alimtapeli nani hapo? Aliyeuza mbegu mapema alikuwa mfanyabiashara halali. Aliyenunua alinunua ndege hai. Hakuna mtu wa kufungwa. Kuna tu nchi nzima iliyoshika kisufuria mkononi na kusema alhamdulillahi.

Mambo haya yanarudi. Mwaka 2020 Tanzania ilikuwa na kesi ya Mr. Kuku, mpango ambao mtu anachangia mtaji wa kuku na kuku wanatunzwa na wengine. Ikaishia Kisutu vile vile. Mapema mwaka 2025 polisi walikuwa wanakamata watu katika mikoa kadhaa kuhusu LBL, mpango wa mtandaoni ambao unalipa kiingilio kisha unalipwa kwa kazi ndogo ndogo za simuni. Tunaambiwa uzoefu ni mwalimu. Kwa nini mwalimu huyu anafelisha darasa zima?

Sehemu ya jibu ni kwamba kila mchezo huja na nguo mpya, na mtu hukumbuka nguo. Aliyelizwa na DECI alijifunza kuogopa kupanda mbegu kanisani. Hakujifunza kuogopa kuku, wala sarafu za kidijitali, wala video za dakika moja. Tunahifadhi masomo kwa majina yao, na tapeli kazi yake ya kwanza ni kubadili jina.

Sehemu nyingine, na hii naiona nzito zaidi, ni kicheko kile cha baraza. Kisa cha Abunuwasi kimetufundisha kumcheka mwenye sufuria. Mwizi tunampenda! Ana akili, ana maneno, kadhi mwenyewe kamkubali. Mwathirika ndiye kichekesho. Kwa hiyo mtu anapolizwa leo, anajua kinachomsubiri akisema. Mke ataambiwa na dada zake. Kazini atapewa jina. Anaona heri apoteze milioni mbili kimya kimya kuliko kupoteza milioni mbili na heshima. Ukimya wake unamfaa mtu mmoja tu: yule anayefungua ofisi mtaa wa pili mwezi unaofuata, ambapo hakuna aliyesikia kitu.

Ningekuwa kadhi ningetoa hukumu tofauti. Ningesema jirani amepokea asichostahili, na arudishe kisufuria. Abunuwasi amechukua cha mtu, na arudishe sufuria. Ndivyo ilivyofanyika baada ya Madoff: msimamizi wa mufilisi, Irving Picard, aliwadai hata wale waliotoka na faida kubwa kuliko walivyoweka, kwa hoja kwamba faida hiyo ilikuwa fedha ya mwathirika mwingine. Walilia sana. Waliona wanaonewa, maana wao hawakumwibia mtu. Lakini kisufuria kilitoka jikoni kwa mtu, hakikudondoka mbinguni.

Yote hayo hayamsaidii shangazi ambaye leo asubuhi ametuma kwenye kundi la familia la WhatsApp picha ya ujumbe wa simu unaoanza na neno "Imethibitishwa", na chini yake ameandika, "Wanangu, msiseme sikuwaambia." Ujumbe ni wa kweli. Shangazi amepokea 45,000. Usimcheke, na usimwandikie kwenye kundi kwamba huo ni utapeli, maana mbele ya wifi zake atalazimika kuutetea, na mtu akishakitetea kitu hadharani mara moja amekinunua mara ya pili. Mpigie simu.

Atakwambia wana cheti cha BRELA, wakala wa kusajili kampuni. Wanacho kweli, pengine na TIN, namba ya mlipakodi, wanayo. Cheti kinathibitisha kwamba jina la kampuni limesajiliwa, kama ambavyo cheti cha kuzaliwa kinathibitisha mtu amezaliwa, bila kusema lolote kuhusu tabia yake. Kupokea amana za watu ni leseni nyingine, ya Benki Kuu, na hiyo haitundikwi ukutani kwao. Muulize kwa upole: mwezi ambao hakuna mtu mpya aliyejiunga, fedha ya kukulipa inatoka wapi? Akijibu kwamba wapya wapo wengi, amejibu swali lenyewe. Kisha mpigie hesabu hii: mtu mwenye siri ya kuzidisha fedha mara mbili kwa mwezi, akianza na laki moja yake mwenyewe, mwezi wa kumi na nne ana zaidi ya bilioni moja na milioni mia sita. Huyo anatafuta nini kwenye simu ya shangazi?

Hesabu inaweza isimgeuze. Jaribio linalofanya kazi zaidi ni la vitendo: mwombe atoe mtaji wake wote leo, asiache hata shilingi, eti ana dharura ya hospitali, na akipokea atarudisha kesho. Faida ndogo ndogo huwa zinatoka bila matatizo kwa sababu zimetengwa kwa kazi hiyo. Mtaji ndio unaoonyesha tabia. Wataanza na mfumo unaoboreshwa. Wataendelea na siku thelathini za kusubiri ambazo hazikutajwa mwanzo. Kisha litakuja jambo ambalo linapaswa kumaliza ubishi: atatakiwa kwanza alipe kodi au ada ya kutolea, asilimia kumi ya salio lake, kutoka mfukoni mwake. Kodi halali inakatwa kwenye fedha iliyopo. Anayekutaka utoe nyingine ili akupe yako hana yako.

Na kama amekwishachelewa, kuna onyo moja asilolitarajia. Wiki chache baada ya mchezo kufa atapigiwa simu na mtu mwenye sauti ya kiofisi, atajitambulisha kama wakili au ofisa wa mtandao wa kurejesha fedha, atajua jina lake kamili na kiasi kamili alichopoteza. Kujua kote huko kutamfanya amwamini. Orodha ya waliolizwa ina thamani kwa watu wa kazi hii, huuzwa na kununuliwa. Ofisa huyo atahitaji 60,000 tu ya kufungulia faili.